Beringi Nne

Tulipokuwa watoto Kasulu, tulishindana kwa vigari vya mbao kwenye mteremko wa mtaa wetu. Magurudumu tuliyachonga kwa panga, na hakuna hata moja lililokuwa duara kamili. Siku moja mwenzetu akaja na beringi nne za chuma kutoka gereji. Tangu hapo tulikuwa tunaona kisogo chake tu. Jumapili ya kwanza tulimshangilia. Ya tatu tulibaki watano. Ya tano alisimama peke yake juu ya kilima, akisubiri mtu wa kushindana naye.

Mimi ndiye niliyependekeza sheria: magurudumu ya mbao tu. Wote waliikubali isipokuwa yeye.

Naikumbuka sheria ile kila ninaposoma habari za mbio za magari, maana huko nako swali ni lilelile: je, ni haki kumfunga breki aliyekuzidi?

Mbio za Safari zilianza mwaka 1953, zikipita Kenya, Uganda na Tanganyika. Mwaka 1965 Joginder Singh, fundi magari wa Kenya, alishinda pamoja na ndugu yake Jaswant wakiendesha Volvo PV544 iliyokwisha kutumiwa na timu ya kiwanda. Gari la mtumba, mikono ya fundi. Miaka ya 1980 mambo yalibadilika. Katika Kundi B kiwanda kilitakiwa kutengeneza magari 200 tu ili kiruhusiwe kushindana, na injini zikawa za kutisha. Mwaka 1986 watazamaji waliuawa Ureno, kisha Henri Toivonen na msomaji ramani wake, Sergio Cresto, wakafia Corsica. Kuanzia 1987 ubingwa ukahamia Kundi A, ambako ilibidi gari litokane na aina iliyotengenezwa kwa maelfu.

Hata hivyo, Lancia ilitwaa ubingwa wa watengenezaji mara sita mfululizo, 1987 hadi 1992. Kumbe sheria haimwondoi mwenye nguvu. Basi ni ya nini?

Jibu nililipata kwenye mteremko wetu. Yule mwenzetu alichonga magurudumu ya mbao kama sisi, akapaka ekseli mawese, akashinda tena. Lakini jioni ile kila mmoja wetu aliiba kijiko cha mawese jikoni kwa mama yake. Jumapili iliyofuata, wa pili alipitwa kwa shubiri moja tu. Beringi hatukuweza kuziiga, mawese tuliweza. Nadhani sheria nzuri humwachia mjanja ujanja wake, ila huufanya uwe kitu ambacho aliyeshindwa anamudu kujifunza.

Kwa miaka mingi nilisimulia kisa hiki kama ushindi wangu. Kisha nikakutana naye Kibondo, ambako sasa anatengeneza pikipiki. Nilipomkumbusha alicheka, halafu akafuta mikono kwa kitambaa.

"Zile beringi zilikuwa ujira wangu, kaka," alisema. "Likizo nzima niliosha vipuri kwa petroli. Nyie mlidhani nimepewa bure."

Sikuwahi kumuuliza. Niliona chuma nikadhani ni pesa za mtu; kumbe kilikuwa jasho la mtoto wa miaka kumi na mbili. Viwanda vya magari huketi mezani sheria za injini zinapojadiliwa, na vina watu wa kuvisemea. Yeye alikuwa peke yake mbele ya mikono yetu iliyonyooshwa juu. Tulikuwa wengi, tukadhani wingi wetu ndio haki.

"Kwa hiyo sheria ilikuwa mbaya?" nikamuuliza.

Alifikiri kidogo, akiangalia kabureta iliyokuwa mbele yake.

"Hapana. Hata mimi nilishachoka kushuka peke yangu. Ila mngeniuliza."

Akarudi kwenye kazi yake. Nami nilikaa pale kwenye benchi la wateja, ingawa sikuwa na pikipiki.