Kuomba Radhi kwa Kosa Lisilo Lako

Kuna methali mbili ambazo tangu mwezi wa tatu zinagombana kichwani mwangu. Moja yasema, mnyonge mnyongeni lakini haki yake mpeni. Nyingine yasema, mkono usioweza kuukata, ubusu. Ya kwanza nilifundishwa shuleni. Ya pili niliambiwa na mjomba wangu hapa Mtaa wa Kongo, Kariakoo, huku akikunja vitenge.

Kisa chenyewe ni kifupi. Nilikuwa nasomea cheti cha mwaka mmoja katika chuo fulani cha hapa mjini. Siku ya mtihani msimamizi aliokota karatasi yenye majibu chini ya meza niliyokalia. Mwandiko haukuwa wangu, na meza ile jioni hukaliwa na wanafunzi wengine. Sikuulizwa kitu. Baada ya siku nne jina langu lilibandikwa ubaoni: nimefukuzwa. Nilipokwenda ofisini, mzee mmoja wa pale, mtu mwema tu, alinivuta pembeni akasema, "Kijana, andika barua ya kukiri na kuomba radhi. Muhula ujao utarudi. Wenzako wote hufanya hivyo."

Hapo ndipo lilipozaliwa swali langu: je, ni halali mtu kukiri kosa ambalo hakulitenda, ili apewe kilicho haki yake?

Mjomba hakuona kama ni swali. "Mpwa wangu, mama yako kacheza upatu miezi minane akulipie ada. Hilo jina safi utalila? Andika barua, yaishe." Nilinyamaza. Suala la upatu lilikuwa kweli tupu.

Nikaanza kuwafikiria waliofukuzwa kabla yangu. Tarehe 22 Oktoba 1966 wanafunzi wa Chuo Kikuu hapa Dar es Salaam, pamoja na wa vyuo vingine, waliandamana hadi Ikulu kupinga sheria ya kuwaingiza Jeshi la Kujenga Taifa, ambayo kwa miezi 18 ingewapa asilimia 40 tu ya mshahara. Mwalimu Nyerere aliwasikiliza, akakasirika, akatangaza kupunguza mshahara wake mwenyewe kwa asilimia 20, na karibu wanafunzi 400 wakarudishwa makwao. Mwaka uliofuata waliruhusiwa kurudi. Wako wanaosema walidekezwa, na wako wanaosema walionewa. Lakini angalia jambo moja: walifukuzwa kwa tendo walilolitenda wenyewe, mchana kweupe. Kama kuna aliyeomba radhi, aliomba kwa jambo lake. Mtu aweza kujutia alichokifanya.

Sasa ruka miaka 50. Mwishoni mwa Mei 2016, wanafunzi zaidi ya 7,000 wa stashahada maalumu ya ualimu wa sayansi na hisabati waliamriwa kuondoka Chuo Kikuu cha Dodoma. Waliogoma walikuwa wahadhiri, kwa ajili ya malipo, wanafunzi hawakugoma. Siku chache baadaye Rais Magufuli alisema hadharani kwamba hawakuwa na sifa za kukaa chuo kikuu, na neno "vilaza" likawaganda. Ilhali mpango ule ulianzishwa na Serikali yenyewe, kwa kuwa shule zilikuwa na upungufu wa walimu wa masomo hayo. Mwezi Julai walichujwa: wasiofika 400 wakaambiwa warudi Dodoma, maelfu wakapelekwa vyuo vya ualimu, na wengine wakaambiwa hawana sifa kabisa. Yawezekana kweli wapo ambao hawakuwa na sifa. Lakini mlango hawakuufungua wao. Hawa nao wangeandika barua ya kuomba radhi, wangeandika nini?

Kwangu mimi, kuomba radhi ni kutoa ushahidi. Unasema: mimi ndimi. Ukisema hivyo wakati siye, umekuwa shahidi wa uongo dhidi ya nafsi yako. Na hasara haiishii kwako. Mwenye karatasi ile anaendelea kukaa mezani. Zaidi ya hapo, barua yako inawekwa kwenye faili pamoja na za wenzako, na kesho ofisi itasema: tangu tuanze hatujamfukuza asiye na kosa, maana wote walikiri. Uongo wangu mdogo utakuwa kamba ya kumfungia mwingine.

Sisi wa Kariakoo tunajua jambo hili kuliko wengi. Mtu akipigiwa kelele "Mwizi!" pale karibu na Msimbazi, mawe hutangulia na maswali hufuata, kama bado yuko wa kuulizwa. Nilidhani chuo ni mahali maswali yanapotangulia. Katiba yetu, Ibara ya 13, inataka mtu apewe nafasi ya kusikilizwa kabla chombo hakijaamua haki zake, na apewe nafasi ya kukata rufaa. Haikuandikwa kwa ajili ya mahakama peke yake.

Hata hivyo simlaumu aliyesaini. Kuna mwenye mtoto nyumbani, kuna aliyekopa kwa riba, na njaa haina falsafa. Wa kulaumiwa ni yule aliyeifanya barua ya uongo kuwa nauli ya kurudia darasani.

Na methali ya mjomba? Nimeigeuza geuza nikaona haina ubaya niliouogopa. Kuubusu mkono si kusema kwamba mkono ni safi. Naweza kwenda ofisini, nikatoa shikamoo, nikasubiri kwenye benchi tangu asubuhi, nikaomba. Huko ni kuinama, na kuinama hakujamuua mtu. Kukiri ni jambo jingine. Hivyo nimeandika barua ya kuomba mambo matatu: niitwe nisikilizwe, mwandiko wa ile karatasi ulinganishwe na wangu, na nirudie mtihani mbele ya yeyote wamtakaye. Nimebaki na kopi iliyogongwa muhuri wa kupokelewa.

Kabla sijaipeleka nilimsomea mama, maana fedha ni yake. Niliogopa, bwana wee. Alisikiliza hadi mwisho, kisha akaniuliza, "Karatasi ilikuwa yako?"

"Hapana, mama."

"Basi usiandike kwamba ilikuwa yako."

Hadi leo chuo hakijajibu, na mama ameingia upatu mwingine. Sijui kama nitarudi darasani. Ninachojua ni kwamba tangu jambo hili lianze, yeye ndiye mtu wa kwanza aliyeniuliza.