Utaya wa Mtoto na Tuhuma juu ya Mama

Tumeulizwa katika darsa yetu hapa Kibokoni suali lenye sehemu mbili. Mtoto azaliwapo na mdomo uliopasuka, ule watu wauitao mdomo wa sungura, je, ni kweli kuwa mamake ndiye aliyemletea kwa jambo alilolitenda mimbani? Na je, yajuzu kumpeleka kwa daktari akashonwa, au huko ni kubadili umbo aliloliumba Mwenyezi Mungu? Muulizaji aliuliza kwa upole, lakini sisi twajua kuwa nyuma ya suali kama hili mara nyingi yuko mwanamke aliyerudishwa kwao, na mtoto afichwaye chumbani wageni wajapo. Kwa hivyo hatukuona haki kumjibu yeye peke yake.

Kwanza natuutazame utaya unavyoumbwa. Katika wiki ya 4 tangu mimba kutunga, kijusi hakizidi punje ya mchele, wala hakina uso wa kuitwa uso. Kando ya mahali patakapokuwa shingo huota matuta madogo kila upande, na tuta la kwanza ndilo asili ya mataya yote mawili. Chembe zitakazojenga mifupa yake si za hapo. Husafiri kutoka upande wa nyuma, pale ubongo unapoanza, zikazunguka mpaka mbele. Utaya wa chini huwahi kuungana. Nusu zake mbili hukutana kidevuni mapema, na kufikia wiki ya 6 mfupa umeshaanza kujengeka. Katika mwili mzima ni mtulinga tu unaoutangulia.

Mdomo wa juu una kazi zaidi. Mfano wake ni milango yetu ya nakshi ya Mji wa Kale: mbao mbili, ya kushoto na ya kulia, na mfaa katikati. Kipande cha kati hushuka kutoka upande wa kipaji na pua, na vile vya kando huja kukikuta. Kile kijifereji kilicho chini ya pua ndicho mahali pa mfaa. Kazi hii humalizika yapata wiki ya 7. Upande mmoja usipokutana na mwenzake, hubaki ufa.

Kisha huja kaakaa, na hapa utaya wa chini una faida ambayo wengi hawaidhanii. Vibao viwili vya kaakaa mwanzo huning'inia kando ya ulimi, nao ulimi umeijaza nafasi yote. Utaya ukikua kwenda mbele, ulimi hushuka, vibao vikainuka na kulala, vikakutana na kushikana kati ya wiki ya 8 na ya 12. Utaya ukiwa mdogo mno, ulimi huweza kubaki juu na kaakaa likakosa kufunga. Watoto wa utaya mdogo namna hii, ambao ulimi huwarudi nyuma ukaziba pumzi, walielezwa na tabibu wa Kifaransa, Pierre Robin, mwaka 1923.

Sasa hesabuni. Mwanamke huambiwa kuwa alimcheka mwenye ila alipokuwa na mimba ya miezi 5, au alishika kisu usiku wa kupatwa mwezi. Mwezi wa 5 mdomo wa mtoto ulikuwa umekwisha kuumbwa zamani, yapata miezi 3 nyuma. Na habari ya kupatwa ilikwisha kujibiwa siku aliyokufa Ibrahim mwana wa Mtume (S.A.W.), watu waliposema jua limepatwa kwa ajili yake, naye akawakanusha.

Madaktari wasema sababu huchanganyika: urithi wa pande zote mbili (na hapa mume naasikie), upungufu wa folik asidi ipatikanayo katika mboga za majani na maharagwe, sigara, ulevi, kisukari, na baadhi ya dawa za kifafa. Mara nyingi hawaoni hata sababu moja. Mtu atasema: basi hizo sigara na dawa si kosa la mama? Twasema, kujikinga ni juu ya kila ajuaye, lakini lisemwalo juu ya watu wengi kwa jumla si ushahidi juu ya mwanamke mmoja. Duniani yapata mtoto 1 katika kila 700 huzaliwa hivi, na mama zao wengi hawakuvuta wala hawakulewa. Mwenye kifafa naye asiache dawa kwa hofu; namuulize daktari kabla ya kubeba mimba.

Ama kushona, Arfaja bin As'ad alikatwa pua vitani siku ya Kulab, akatia ya fedha ikanuka, na Mtume (S.A.W.) akamwamuru atie ya dhahabu, hali dhahabu ni haramu kwa wanaume. Atasema mpinzani: ile pua ilikatwa, na huyu ameumbwa hivi. Hiyo ni hoja, haifai kudharauliwa. Lakini azaliwaye na ukungu machoni hutibiwa, wala hatujamsikia mtu akilia kuwa umbo limebadilishwa. Kilicholaaniwa ni mzima kujichonga meno kwa kutaka urembo. Huyu hatafuti urembo. Kaakaa likiwa wazi hawezi kuvuta ziwa, maziwa humtoka puani, naye hudhoofika huku watu wakibishana. Mama namkamulie, amnyweshe kwa kijiko au kikombe, amemkalisha wima.

Mdomo kwa kawaida hushonwa mtoto akifika miezi 3 hadi 6, na kaakaa kati ya miezi 9 na 18, kabla maneno hayajazoea kupita puani. Mwalimu wa chuo ampigaye mtoto kwa kuwa ba na ta humtokea puani, naamwangalie kaakaa kwanza. Katika Kenya, Operation Smile wamekuwa wakiwashona watoto hawa tangu mwaka 1987, na Hospitali Kuu ya Pwani haiko mbali na mitaa yetu. Mwenye kutaka kujua naaanzie hapo. Na muulizaji wetu, ikiwa mtoto yumo nyumbani mwake, naatwambie umri wake, tujue kama ni mdomo wa kupelekwa sasa au ni kaakaa.