Mtaro Uliochelewa

Mwaka 1989, kampuni iliyotaka kujenga ofisi huko Southwark, London, ilikuwa na kibali mkononi na michoro imekamilika. Wanaakiolojia wakapewa muda mfupi wa kuchimba kabla nguzo hazijashushwa. Wakafukua misingi ya Rose, ukumbi wa maigizo uliojengwa mwaka 1587, ambamo tamthilia za Marlowe na Shakespeare zilichezwa.

Likazuka vuguvugu kubwa. Waigizaji mashuhuri, wakiwemo Peggy Ashcroft, Judi Dench na Ian McKellen, walijitokeza kuyatetea magofu. Kampuni haikuwa imevunja sheria, na ni haki kulisema hilo. Hata hivyo michoro ilibidi irudiwe, nguzo zisogezwe, jengo lisimame juu ya magofu, na misingi ifunikwe kwa mchanga na maji isije ikakauka na kupasuka. Gharama yote hiyo ilitokana na kuanza kuichunguza ardhi baada ya kibali kutoka.

Novemba 1990 serikali ikatoa mwongozo mpya kwa England: halmashauri zaweza kumtaka mwombaji wa kibali aichunguze ardhi kwanza, ndipo ombi lake liamuliwe. Ndiyo maana siku hizi shamba la ngano likipangiwa nyumba au barabara, huanza kuletwa kijiko cha kuchimbia chenye bakuli lisilo na meno. Kinaparura udongo wa juu kidogo kidogo, mtaro wa upana wa mita 2 hivi na urefu wa mita 30 au 50. Mwanaakiolojia hutembea kando yake, macho chini, akitafuta udongo uliobadilika rangi: mstari mweusi wa handaki lililofukiwa, au doa la mviringo palipochimbiwa nguzo ya nyumba iliyooza karne nyingi zilizopita. Kazi hii ya jicho haiharakishwi.

Lakini mitaro hiyo mara nyingi hugusa asilimia 2 hadi 5 tu ya shamba. Mwaka 2001 Gill Hey na Mark Lacey walichapisha utafiti uliolinganisha majibu ya mitaro ya majaribio na yale ya uchimbaji kamili. Mahandaki marefu ya enzi za Warumi hunaswa kirahisi. Makaburi na vijumba vya Wasaksoni vilivyotawanyika huponyoka katikati ya mitaro. Basi mwenye mradi anayepunguza mitaro ili aokoe siku chache huenda akayakuta makaburi hayo wakati malori ya zege yamekwisha kupanga foleni getini, na kila saa ya kusubiri anailipia yeye.