Stima Imerudi, Lakini Faili Je?

Somo: Ufunuo 2:1-5



Wengi wenu mnaukumbuka usiku wa Ijumaa, tarehe 25 Agosti 2023. Kabla ya saa nne stima ilipotea karibu Kenya nzima. Hata sehemu ya uwanja wa ndege wa Jomo Kenyatta ilibaki gizani jenereta ilipokataa kuwaka. Sisi hapa Kitale tulikuwa tunajiandaa kwa kesha. Mimi nilikuwa ofisini, nikiingiza kwenye kompyuta michango ya mfuko wa msaada, yetu na ya ndugu zetu wa Bungoma. Mara giza. Kompyuta ikazima.

Stima iliporudi nilimshukuru Mungu, nikawasha. Kompyuta iliwaka vizuri kabisa, lakini faili ya michango ilikataa kufunguka. Fundi alinieleza kwamba unachoandika hukaa kwanza kwenye kumbukumbu ya muda, na hiyo huishi kwa stima tu. Stima ikikatika katikati ya kuseva, hata kilichokuwa kimehifadhiwa kinaweza kuharibika.

"Pasta, uko na nakala?"

Nilikuwa nayo kwenye flashi, ya Jumapili tarehe 6. Jumapili mbili zilikuwa zimepotea.

Hapo ndipo nilijaribiwa. Nilisomea biashara, najua kufanya hesabu ilingane. Jumla ya pesa ilikuwa benki. Ningeigawanya tu kwa majina, nani angejua? Lakini si mnajua, siku mama akifiwa, sisi huangalia kwanza jina lake kitabuni. Nikikisia, namdhulumu mjane nikiwa nimevaa tai.

Nikakumbuka kanisa la Efeso. Kwa nje lilikuwa linawaka: kazi, bidii, uvumilivu. Ndani, upendo wa mwanzo ulikuwa umeachwa. Bwana akawapa hatua tatu.

Kwanza, wakumbuke walikotoka. Fundi hakuhangaika na faili iliyoharibika, alirudi kwenye nakala ya mwisho iliyokuwa safi. Hebu jiulize, mara ya mwisho ulikuwa sawa na Mungu ni lini? Kabla ya lile deni? Kabla ya kugombana na ndugu yako juu ya shamba?

Pili, watubu. Jumapili ile nilisimama mbele yenu nikasema kosa ni langu, sikuweka nakala. Ilikuwa ngumu kuliko kuhubiri.

Tatu, warudie kutenda walivyotenda mwanzoni. Kutubu kwangu hakukujaza faili. Tuliketi na vitabu vya risiti na meseji za M-Pesa, tukaandika upya mstari kwa mstari. Kutoka Bungoma mama mmoja alikuja na daftari la shule. "Pasta, mimi huandika kila kitu hapa. Kalamu haitaki stima." Kila mchango wa Bungoma ulikuwemo.

Sh1,200 hazikupata mwenyewe. Ziko kitabuni hadi leo, na kando yake tumeandika: mwenyewe hajulikani. Heri pengo la kweli kuliko hesabu nzuri ya uongo.

Wapendwa, wengi wetu tumeombewa hapa mbele, tukawaka tena, tukaimba na kucheza. Asante Yesu! Lakini faili je? Yule uliyemkopa bado anangoja. Yule uliyemtukana bado anaumia. Zakayo alipompokea Yesu nyumbani, hakuishia kwa furaha. Alianza kuhesabu nani wa kurudishiwa, na mara ngapi.

Wiki hii chukua daftari, andika jina moja tu. Mpigie simu au umwendee. Kama kuna ambacho huwezi kurudisha, mwambie ukweli, usifunike.

Na ile flashi? Siku hizi naweka nakala kila Jumapili jioni, kabla sijala. Nafsi yako pia ikague kila jioni, usingoje giza.

Mbarikiwe.