Pishi ya Nani?

Wazee wa Pemba waliopima nafaka kwa pishi walijua kuwa pishi moja ni vibaba vinne, na walijua pia kuwa vibaba vyote havikuchongwa na mkono mmoja. Mnunuzi aliyeingiwa na shaka aliweza kuomba pishi ya jirani iletwe, na nafaka ikamiminwa upya mbele ya macho yake. Katika kitendo hicho kidogo limo suala zito: je, kipimo huwa cha haki kwa kuwa ni sahihi, au kwa kuwa anayepimiwa anayo njia ya kukipinga?

Suala hilo leo limehamia penye vipimo visivyoshikika kwa mkono. Ili waraka ulioandikwa Wete usomeke Maskati, ni lazima watu wakubaliane kwanza juu ya namna ya kuuhifadhi ndani ya kompyuta. Makubaliano hayo huitwa viwango vya kimataifa. Hujadiliwa vikaoni na hupigiwa kura, na wenye fedha na wakati wa kuhudhuria vikao hivyo mara nyingi ndio wenye bidhaa zitakazopimwa.

Mwaka 2007 kampuni ya Microsoft ilitaka muundo wa nyaraka zake, OOXML, uidhinishwe na Shirika la Kimataifa la Viwango, ISO. Maelezo ya muundo huo yalizidi kurasa 6,000, nayo yalipitishwa njia ya mkato. Huko Sweden iligundulika kuwa mtumishi wa kampuni hiyo aliwaandikia washirika wa kibiashara akiwaahidi manufaa endapo wangejiunga na kamati na kuunga mkono. Kampuni ikasema lilikuwa kosa la mtumishi mmoja. Kura ya Sweden ilibatilishwa, ingawa sababu iliyotajwa rasmi ni kuwa mjumbe mmoja alipiga kura zaidi ya moja. Muundo ulishindwa Septemba 2007, ukapita Machi 2008. Afrika Kusini, Brazil, India na Venezuela zilikata rufaa. Rufaa zikatupwa Agosti mwaka huo huo.

Kisa hicho ni chepesi kukihukumu, kwani anayeahidi manufaa ili apigiwe kura anajulikana jina lake katika kila lugha. Kigumu ni kile ambacho hakuna aliyehongwa.

Kompyuta haijui herufi, inajua namba. Jedwali linaloipa kila herufi ya dunia namba yake huitwa Unicode, nalo hutunzwa na jumuiya iliyosajiliwa California mwaka 1991. Wanachama wenye kura kamili hulipa ada ya maelfu ya dola kila mwaka, na wengi wao ni makampuni, yakiwemo Apple, Google na Microsoft. Mtu yeyote anaruhusiwa kupeleka ombi bila ya kulipa, na maombi husikilizwa: hati ya Adlam, waliyoibuni ndugu wawili wa Guinea kwa ajili ya Kifulani, iliingizwa mwaka 2016. Lakini kubisha hodi si kukaa jamvini.

Sasa wafikiriwe Kamange na Sarahani, washairi wakubwa wa Pemba, walioandika kwa hati ya Kiarabu. Tungo zao zilipochapishwa katika *Kale ya Washairi wa Pemba* mwaka 2011, zilichapishwa kwa herufi za Kilatini. Anayetaka kuziandika kwenye kompyuta kwa hati yake ya asili ataikuta *p* na ataikuta *ch*. Zimo kwa sababu Waajemi na wasomaji wa Kiurdu walizihitaji. Mswahili anakula kwa kudoea, na chakula ni kizuri.

Basi kuna ubaya gani? Jibu hilo halikosi uzito: mwenye njaa haulizi karamu ni ya nani. Hata hivyo, pishi ya zamani iliweza kumiminwa upya, na jedwali hili haliwezi. Namba ikishatolewa haibadilishwi, wala jina la herufi halisahihishwi, ili maandishi ya jana yasiharibike. Ipo alama ya mabano ambayo jina lake liliingizwa kwa makosa, BRAKCET badala ya BRACKET, na litabaki hivyo. Sababu ni nzuri. Lakini matokeo yake ni kuwa asiyekuwepo siku ya kuchonga hana siku nyingine. Usahihi aliopewa ni hisani, na hisani haina mahakama ya kuiendea inapokosekana.

Miongoni mwa makampuni hayo pamekuwa na mwanachama mmoja wa ajabu: Wizara ya Wakfu na Mambo ya Dini ya Oman, iliyotoa Msahafu wa kielektroniki uitwao Mushaf Muscat. Wapemba wengi wana jamaa Maskati, na huenda wakafurahi kusikia hivyo. Ila kiti kile kilikaliwa kwa haja ya Msahafu, si ya utenzi. Haja ya utenzi ni nyingine: kasra moja imebeba *i* na *e*, dhuma moja imebeba *u* na *o*. Sheikh Yahya Ali Omar na P. J. L. Frankl walipendekeza namna ya kuzitenganisha mwaka 1997, katika jarida la wasomi la Uingereza. Mwenye simu Chake Chake anayetaka kuandika shairi la babu yake anaweza kuchagua kibodi ya Kiajemi, apate *p* na *ch*, kisha aziache *e* na *o* kwa akili ya msomaji.