Nani Mwenye Nyuki wa Nyakabiga?

Usiku ule nyuki walipochomwa mimi nilikuwa macho. Sikusema kitu, na ndiyo sababu naandika.

Walikuja mchana, saa nane hivi, jua likiwa kali. Kwanza tulisikia mlio kama wa pikipiki ya mbali, halafu wingu jeusi likashuka juu ya mparachichi wa mwenye parseli. Haikupita nusu saa wote walikuwa wameshikana kwenye tawi moja, wanening'inia kama kikapu. Parseli yetu hapa Nyakabiga ina vyumba saba, familia saba, bomba moja, choo kimoja, na watoto wasiohesabika. Kila mtu aliita wake ndani, akafunga mlango. Jioni vijana wawili wakaleta makaratasi na petroli kwenye kopo la rangi. Saa tatu usiku tawi liliwaka. Asubuhi tulifagia nyuki kwa ufagio, karibu nusu ndoo.

Na mimi nilikuwa najua. Nimezaliwa upande wa Fizi, ng'ambo ya ziwa, na babu yangu alikuwa na mizinga. Nyuki wanaoning'inia hivyo kwenye tawi wako njiani. Wametoka kwenye mzinga wao pamoja na malkia, wamejaza asali tumboni kwa ajili ya safari, na wachache wao wametumwa kutafuta pa kukaa. Hawana watoto wa kulinda wala masega ya kulinda, kwa hiyo hasira yao ni ndogo kuliko ya nyuki walio nyumbani kwao. Mara nyingi wanaondoka wenyewe, baada ya saa kadhaa au siku mbili, tatu. Ningeweza kusema: jamani, tungoje kesho, tuwaweke watoto mbali na ule mti. Hiyo tu.

Sikusema kwa sababu mimi ni mpangaji, tena mkimbizi. Ningesema "waacheni", halafu mtoto mmoja akaumwa, kesho yake neno lingekuwa moja: ni yule Mkongomani. Ninyi mnaosoma gazeti letu hili mnaijua hesabu hiyo. Miaka 11 niliyokaa Nyakabiga nimeishi kwa kujificha katika hesabu hiyo. Usiwe mtu wa kutajwa. Nyumba si yako, mti si wako, nyuki si wako, nyamaza.

Kuna mwenzetu nilimsimulia, akaniambia, "Andika kwamba nyuki wale walikuwa wakimbizi kama sisi." Mimi mfano huo siutaki. Nyuki wale hawakufukuzwa na mtu. Kundi linapogawanyika ndiyo njia yao ya kuzaa, ni kama harusi kuliko vita. Na nikimhurumia nyuki kwa sababu tu nimemfananisha na mimi, nitafanya nini kwa mdudu asiyefanana na mimi hata kidogo? Huyo nitamchoma bila shida.

Sasa nieleze habari ya maboga. Nyuma ya vyumba nina magunia manne ya udongo, nimepanda maboga. Majani tunapika, na matunda yakipatikana mke wangu anauza mengine. Msimu ule vitunda vingi vilikuwa vya njano, vinasinyaa, vinaanguka vikiwa kama kidole. Sitasema ni kwa ajili ya moto ule, mvua nayo ilikuwa mbaya. Lakini mzee mmoja wa avenyu ya pili, Mrundi aliyefuga nyuki kwao milimani kabla ya kuhamia mjini, alipita akaangalia, akacheka.

"Mwanangu, haya maua yako hayajaoana."

Akanionyesha. Ua dume lina kikonyo kitupu, ua jike lina kiboga kidogo nyuma yake. Yanafunguka alfajiri, na kabla ya adhuhuri yamefunga. Katika saa hizo chache mtu lazima abebe ule unga wa njano, vitabuni wanauita chavua, kutoka kwa dume kwenda kwa jike. Kwa kawaida mtu huyo ni nyuki. Basi kwa wiki tatu nikawa mimi. Saa kumi na mbili asubuhi nachuma ua dume, naling'oa petali, napaka ndani ya majike moja moja. Mke wangu alikuwa ananiangalia kutoka mlangoni kama mtu aliyeolewa na mwendawazimu.

Baadaye nilisoma kwamba kuna watu waliolipwa kwa kazi kama hiyo. Mchikichi, mti wa mawese yetu, asili yake ni Afrika. Wazungu waliupeleka Asia, ukastawi sana Malaysia, lakini waliubeba mti wakamwacha mdudu wake, fukusi mdogo anayeishi kwenye maua yake. Kwa miaka mingi mashamba mengi yalilipa wafanyakazi wapite mti kwa mti wakipaka chavua kwa mikono. Mwaka 1981 fukusi huyo aliletwa kutoka Kamerun, akaachiwa mashambani, na kazi ile ya mikono ikaisha. Niliposoma hivyo niliweka kitabu chini. Baba yangu alikamua mawese maisha yake yote, na sikumsikia hata siku moja akimtaja mdudu huyo.

Je, tuna deni kwake? Hapa ndipo ninaposhindana na nafsi yangu. Nyuki hafanyi kazi kwa ajili yetu. Anatafuta chakula chake, chavua inamnata mwilini, basi. Mtu asiyejua kwamba amekupa kitu, unamdai shukrani ya nini? Na mwenye njaa atakuambia kwa haki kabisa: mimi nakula sombe, ndizi na maharage. Ni kweli. Muhogo tunapanda kijiti, mgomba tunapanda chipukizi, na maharage kwa sehemu kubwa yanajichavusha yenyewe. Nyuki wote wa Bujumbura wakifa leo, kesho sufuria haitakuwa tupu. Itakayopungua ni boga, tikiti, marakuja, parachichi, vile vitu ambavyo mama anauza barabarani apate hela ya daftari. Ripoti ya kimataifa ya IPBES ya mwaka 2016 inasema robo tatu ya aina za mazao ya chakula duniani zinategemea wachavushaji, angalau kwa sehemu. Hata ule mparachichi uliochomwa tawi: ua lake linafunguka mara mbili, mara ya kwanza likiwa jike, mara ya pili likiwa dume, na bila wadudu matunda yanakuwa machache. Tulimchoma mkunga mlangoni kwa mzazi.

Lakini shukrani siyo iliyonibadilisha. Kilichonibadilisha ni umbali. Nyuki wa asali huenda kilomita mbili, hata tatu, kutafuta chakula. Weka kidole kwenye parseli yetu, chora duara. Unapita Bwiza na Buyenzi, unavuka mto Ntahangwa, unaingia Mutanga, unafika kwenye miti ya Chuo Kikuu. Nyuki anayelala kwetu anakula kwa watu wote hao, na anawaachia wote hao matunda. Basi nani mwenye nyuki? Mwenye parseli ana hati ya kiwanja, sawa, ila hati hiyo haina duara la kilomita tatu. Tulipowasha moto ule tuliingiza mkono katika vyungu vya watu tusiowajua, bila kubisha hodi. Na kama mwenye ardhi peke yake hana haki ya kuamua jambo hilo, basi na mimi mpangaji siwezi kujificha nyuma ya kukosa ardhi. Nilikuwa na neno la kusema kama mtu yeyote anayekula ndani ya duara. Miaka yote nilidhani kukosa kiwanja kumeniondolea haki ya kusema. Zaidi ya hapo, nilipenda kudhani hivyo, maana kulinipumzisha.

Mwaka uliofuata walikuja tena, mti uleule. Safari hii nilitoka uani nikasema. Sauti ilitetemeka, lakini nilisema.

Mama wa chumba cha tatu akanijibu mbele ya wote: "Baba Neema, weye unalinda nyuki, watoto yetu nani atalinda?"

Mtoto wake wa kiume aliwahi kuumwa akiwa mdogo, akavimba uso na koo, wakamkimbiza hospitali usiku. Swali lake ni zuri kuliko majibu yangu, mpaka leo. Ningekuwa muongo kama ningemwambia hakuna hatari. Nyuki wetu wa Afrika wanaua watu. Nyuki wakishajenga ndani ya ukuta wa shule au juu ya dari la choo, watolewe, na wakikosekana wa kuwahamisha kwa moshi, sitamzuia mzazi. Nilichomwambia ni kidogo: hawa wako njiani, nakuomba siku mbili. Mwenye parseli alikuwa amekaa kwenye kiti chake, ananyamaza. Yeye na wanawe walikimbilia Tanzania 2015, wakakaa kambi ya Nduta, wakarudi. Akasema tu, "Tungoje." Yule mama akawapeleka watoto wake kwa dada yake Buyenzi, wakalala huko. Tulifunga kamba kuzunguka mti na kuzima taa za nje. Siku ya pili, saa nne asubuhi, wakaondoka kuelekea mtoni. Nilikaa chini, miguu haina nguvu.

Tangu hapo tunazungumza mambo haya parselini, wakati mwingine kwa ugomvi. Binti yangu aliona viwavi kwenye mlimao, wale ambao wakiwa wadogo wanafanana na kinyesi cha ndege, wakikua wanakuwa kijani, na ukiwagusa wanatoa pembe mbili zenye harufu kali. Tulizoea kuwaua. Sasa tumewaachia matawi mawili ya chini, maana ndio wanaokuwa vipepeo wakubwa weusi wenye madoa ya njano ambao watoto hukimbizana nao. Nyuki mkubwa mweusi anayetoboa mbao za paa, tulikuwa tunaziba tundu lake kwa udongo. Kumbe marakuja inamtegemea sana huyo. Tumemwekea kipande cha mbao kikavu pembeni. Anapendelea paa.

Rafiki mmoja alinishauri tutafute mradi, wafadhili watoe hela, watu watalinda. Upo mfano mzuri Kenya: tangu 1993 wanakijiji wa kandokando ya msitu wa Arabuko-Sokoke, karibu na Gede, wanafuga vipepeo na kuwauza wakiwa pupa kupitia mradi wa Kipepeo, na msitu umepata marafiki. Sidharau. Lakini Amani, Tanzania, walikuwa na kazi kama hiyo, na mwaka 2016 serikali ilipofunga usafirishaji wa wanyama hai, vipepeo nao wakazuiwa. Mtu aliyeulinda msitu kwa ajili ya soko, soko likifungwa asubuhi, mchana anaulinda kwa ajili ya nini? Hapa kwetu hata soko halipo. Kuna magunia manne na kamba ya kufungia mti.

Bado jirani wa ukuta wa pili anapulizia dawa nyanya zake saa tano asubuhi, maua yakiwa wazi na nyuki wakiwa kazini. Nilimwomba apulizie jioni, nyuki wakisharudi. Akaniuliza kama nimeanza kumfundisha kulima kwao. Nikarudi nyumbani nimenyamaza, kama zamani. Mzee wa mizinga anasema nimwendee vibaya ndiyo maana, kwamba mtu wa nyanya haendewi mikono mitupu. Jumapili tutakwenda wote wawili, na boga.