Heshima ya Bibi Arusi

Msichana aliyeposwa huwa mali ya waulizaji. Tangu posa yangu ilipokubaliwa sijapata kupita njiani bila ya kuulizwa mambo matatu: harusi lini, dhahabu kiasi gani, na walioalikwa ni wangapi. Hapana hata mmoja aliyeniuliza kama mchumba wangu ni mpole, au kama tumekwisha kupatana jinsi ya kulea watoto. Siwalaumu. Maswali yao yana maana, nayo ni kwamba harusi ni mizani. Jamaa mbili hupandishwa juu yake mbele ya macho ya mji, na kila mtu hungoja kuona zitakuwa na uzito gani. Usiku nisahihishapo madaftari, mawazo yangu huziacha insha za wanafunzi yakakimbilia kwenye mizani hiyo. Je, heshima ya bibi arusi hutoka katika kile alichonacho, au katika kile ambacho wenziwe hawana?

Swali hili lilinielemea zaidi siku nilipowapeleka wanafunzi wangu wa kidato cha pili kutazama makumbusho ya Lamu. Posta ya zamani ya Wajerumani, iliyofanya kazi tangu 1888 hata 1891, haikutuchukua muda. Wavulana walikuwa na njaa. Lakini katika nyumba ya kale ya Kiswahili, iliyo ndani ya mitaa, tulikaa sana. Kuta zake ni nene, za mawe ya matumbawe na chokaa. Vyumba vyake ni virefu na vyembamba, kwa kuwa upana wa chumba ulipimwa kwa urefu wa boriti za mikoko zilizobeba dari. Ukutani mna zidaka, safu juu ya safu, zilizochongwa katika chokaa kwa mkono wenye subira. Niliwaeleza wanafunzi kwamba katika nasaba kubwa za mji ule baba aliweza kumpa binti yake nyumba, au ghorofa ya nyumba, siku ya kuolewa kwake, na bwana arusi ndiye aliyehamia. Wasichana walitazamana wakacheka. Wavulana hawakucheka.

Kisha tukaenda kwenye jumba la makumbusho lililo ufukoni, zilipo siwa mbili: ya Lamu, iliyofanywa kwa shaba, na ya Pate, iliyofanywa kwa pembe za ndovu. Ni baragumu kubwa, zipulizwazo kwa tundu lililo ubavuni. Sauti yake ilitangaza harusi na sherehe nyingine za waungwana, si za kila mtu. Aliyekuwa mtumwa aliisikia siwa kama asikiavyo mvua inyeshayo katika shamba la jirani.

Hapo ndipo moyo wangu ulipogawanyika. Utumwa haukukomeshwa kwa sheria katika pwani ya Kenya mpaka 1907, na kwa masimulizi ya nyumbani kwetu, nyanya wa nyanya yangu alikuwa miongoni mwa waliowatekea maji mabibi wa nyumba za mawe. Nilisimama mbele ya siwa nikiipenda kwa uzuri wake, na papo hapo nikijua kwamba haikupata kulia kwa ajili ya mtu wa damu yangu. Mwanafunzi mmoja aliuliza, "Mwalimu, ni nani aliyekuwa akiisugua shaba hii ing'are?" Sikuwa na jina la kumpa.

Wako watakaosema kwamba uzuri uliolelewa na dhuluma hauna budi kutupwa pamoja nayo. Mimi siafiki. Pengine mkono uliochonga zidaka zile ulikuwa mkono wa mtu asiye huru, na kuzibomoa kungekuwa kumzika fundi huyo mara ya pili. Wala sisemi kwamba waungwana walikuwa waovu kupita watu wengine. Kila mji una siwa yake, hata ikiwa leo siwa hiyo ni msafara wa magari. Lakini yasemwayo na wengine, kwamba desturi ni desturi na haiulizwi, siyafuati pia. Asiyeiuliza desturi hurithi vyombo pamoja na taka zake.

Nimejitafutia kipimo, nawe msomaji kipime. Kila desturi niletewayo naiuliza: je, utamu wako ungepungua kama kila msichana angekupata? Hina haipungui. Singo na liwa havipungui, wala nyimbo za akina mama usiku wa kuamkia harusi, ambazo huzidi kunoga kila waimbaji wanapoongezeka. Siwa ingepungua; lau ingalilia kwa kila harusi, waliokuwa wakiitukuza wangalitafuta kitu kingine cha kuwanyima watu. Na mkufu mzito anaotaka shangazi yangu tuukope fedha, nao ungepungua siku ambayo kila jirani angevaa wa namna ile ile.

Nilipokieleza kipimo hiki darasani, msichana mmoja alisimama akanipinga. Alisema, "Mwalimu, elimu ya chuo nayo hupatwa na wachache. Je, cheti chako ni siwa?" Lilikuwa pingamizi jema, na nililala nalo siku mbili. Nionavyo, kitu kinaweza kuwa haba bila ya kustawi kwa uhaba wake. Wanafunzi wangu kumi wakifaulu, furaha yangu haimegwi mafungu kumi, huzidi. Walakini yuko msomi anayechukia kuona wengine wakisoma, na mikononi mwake cheti hugeuka siwa. Basi yatupasa kumtazama pia mwenye kukishika kitu, na hilo kipimo changu hakikulisema hapo kwanza.

Mambo haya si ya kitabuni tu. Katiba ya Kenya ya 2010 imewapa mume na mke haki sawa katika ndoa, wakati wa kuianza na wakati wa kuishi ndani yake. Lakini hapana sheria iwezayo kuwalipia deni la mkufu, na watu wawili wanaoanza maisha kwa deni hulilipa kwa maneno makali kabla ya kulilipa kwa fedha. Mchumba wangu ameliona hilo kabla yangu. Amependekeza karamu moja ya mtaa mzima, mlango wazi, bila ya kadi, na nguo niliyokwisha kushonewa.

Nilimpelekea shangazi habari hiyo kwa adabu zote. Alinyamaza kitambo, akasema, "Mwanangu, watu watatucheka." Nikamwambia, "Shangazi, labda. Ila watacheka wakiwa wameshiba." Hakunijibu. Lakini juzi nilisikia kwamba amekwenda sokoni kuuliza bei ya gunia la mchele, na kwamba ameuliza bei ya mawili.